Maumivu sugu ya mgongo: ubongo una sehemu yake, lakini uti uchunguzwe kwanza

Mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu ya mgongo wake "yako kichwani" hukasirika, na ana haki. Anaumwa kweli. Wanachodai watetezi wa tiba ya akili na mwili ni jambo jingine: jeraha limeshapona, ila ubongo uliozoea kutahadharisha unaendelea kutahadharisha.

Ushahidi wao mzito unatoka Boulder, Colorado, nchini Marekani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha watu 151 walioumwa kwa wastani wa miaka 10. Kundi moja lilizungumza na daktari mara moja, kisha likapata vikao 8 vya tiba hiyo katika wiki 4. Asilimia 66 walibaki na maumivu ya 0 au 1 kati ya 10. Kwa waliochomwa sindano ya maji ya chumvi tu, isiyo na dawa, ilikuwa asilimia 20. Kwa walioendelea na matibabu ya kawaida, 10. Zoezi lenyewe ni dogo: keti, elekeza fikira panapouma, angalia kama panachoma, panabana au panahamahama, huku ukijikumbusha kuwa hakuna kinachovunjika. Kisha fanya taratibu kile unachokiogopa, mfano kuinama. Wengi hukosea hapa: huketi wakisubiri maumivu yaishe, na kule kusubiri kunazidisha hofu.

Matokeo makubwa hivyo yanataka tahadhari. Wenye maumivu ya mguu yanayozidi ya mgongo hawakuchukuliwa, na kila mshiriki alijua anapewa tiba gani, hata ile sindano. Jaribio la Seattle la mwaka 2016, watu 342, lilipima tafakuri tulivu ya wiki 8: baada ya wiki 26, asilimia 61 walifanya shughuli zao kwa nafuu ya maana, dhidi ya 44 wa matibabu ya kawaida. Naona makadirio haya ndiyo yaliyo karibu na uhalisia.

Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, nayo isimtishe mtu. Kati ya wenye miaka 50 wasioumwa kabisa, takriban asilimia 80 wana diski (mito iliyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa.

Lakini Afrika Mashariki kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au kinundu mgongoni vinahitaji vipimo kabla ya kikao chochote. Ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo: hospitali siku hiyo hiyo, kwani mishipa ya fahamu iliyobanwa ikicheleweshwa huenda isirudi kufanya kazi.