Na robo sauti mnaiweka wapi?

Habari yenu inasema programu sasa inasikiliza wimbo na kutaja mwendo, ufunguo, hata hisia zake. Haya. Mie napiga ganuni, ala ya nyuzi ya taarab, na juzi usiku niliijaribu moja ya simu kwa taqsimu (upigaji wa peke yako, wa kubuni papo hapo) ya bayati, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, niliyoirekodi barazani. Ikasema ni maina, ngazi ya Kizungu. Nikarudia, ikasema meja, ngazi nyingine kabisa! Si ajabu: nyingi za programu hizi hugawa oktava vyumba 12 kama kinanda, na noti ya pili ya bayati imekaa ukutani, baina ya vyumba viwili; hiyo ndiyo robo sauti. Kwa noti hiyo ndiyo ganuni ina vile vijichuma vya kuinua na kushusha nyuzi.

Kwenye kidumbak, muziki wa ngoma wa Zanzibar, mara ilihesabu mapigo 70 kwa dakika, mara nyingine 140. Hilo silisemi sana, hata wachezaji huchanganyikiwa.

Sahani za santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, zilizoanza kurekodiwa Bombay 1928, ndizo zinazonitia shaka. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ikizungushwa 82, sauti hupanda karibu nusu toni na mwendo hukimbia. Nani aliyepima kasi kabla ya kuipa kompyuta?