Jina lidumu hata sikukuu ikipita

Nimesoma makala inayowashauri wazazi wampe mtoto jina la msimu, la sikukuu au la mtindo unaovuma, lakini mambo hayo matatu, kwa maoni yangu, hayana uzito sawa. Majina ya sikukuu yana mizizi mirefu: Natalia na Noel yametokana na neno la Kilatini la kuzaliwa, Paskali limetoka kwenye Pasaka, na Ramadhani ni jina la mwezi ambao, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, huzunguka misimu yote, hata mtoto aliyezaliwa wakati wa joto akauona mwezi wake ukiingia wakati wa baridi akiwa na miaka kama 17.

Hofu yangu ni mtindo. Nchini Marekani jina Linda liliipiku Mary mwaka 1947, likaongoza hadi 1952, kisha likashuka kwa kasi, na leo linataja umri wa mwenye jina kabla hajafungua kinywa.

Binti yetu alizaliwa mkesha wa Krismasi. Kabla ya kumwita Noela, mimi na mama yake tuliliita jina hilo kwa sauti siku tatu mfululizo, mara kwa kubembeleza, mara kwa ukali, tukaliandika kwenye karatasi pamoja na la ukoo, tukajiuliza kama mtu mzima angelitaja bila haya mwezi wa Julai. Nawasihi wazazi wafanye hivyo kabla ya kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa.