Mtoto akitaka kusomea majani, mwacheni

Kila mwaka wanafunzi wangu wa mwisho hapa Lubumbashi wananiambia wanakwenda kusomea nini: jiolojia, politekniki, sheria, udaktari. Mara moja moja anatokea mmoja anayetaja botania, yaani elimu ya mimea, na haipiti wiki mzazi wake yuko mlangoni: "Mwalimu, mutoto ataenda kusoma majani kweli?" Namwelewa. Mjini kwetu pesa zinatoka mgodini, na anayesomea mawe anaonekana kachagua vyema. Lakini nasema wazi: Katanga ya leo haina mtaalamu inayemhitaji kuliko yule anayejua kuainisha mimea, na sababu ni hiyo hiyo migodi.

Aliyesafiri kuelekea Likasi na Fungurume ameviona vilima vyetu vya shaba. Misitu ya miombo imeenea kila upande, kisha unakutana na kilima kisicho na mti, nyasi na maua mafupi tu. Shaba ikizidi udongoni ni sumu, na miti mingi haiwezi kuivumilia. Mimea iliyoweza imekaa hapo muda mrefu hata mingine ikageuka kuwa aina za peke yake. Wataalamu wamekuta kwenye vilima hivyo aina zipatazo 600, na orodha iliyochapishwa mwaka 2010 ilitaja 32 zisizoota popote duniani ila kwenye udongo wa shaba wa Katanga. Hatuna kingine kama hicho. Madini ya shaba yapo Chile, yapo Zambia, lakini mimea hiyo 32 ni ya hapa.

Kati ya mimea yote inayoota kwenye vilima hivyo, mmoja unaojulikana sana ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii moja na mrehani. Wanajiolojia waliutumia kama alama ya kuwaonyesha palipo na shaba. Wanaakiolojia nao waligundua kwamba unapenda kuota pale ambapo wazee wetu waliyeyusha mawe ya shaba zamani, kabla Mzungu yeyote hajafika. Ua linaonyesha tanuru iliyozimika karne nyingi! Lakini habari hiyo inamfaa tu anayeweza kuutofautisha mmea huo na ndugu zake wanaofanana nao.

Na kutofautisha ni kazi ngumu, ndiyo sababu naitetea. Mtaalamu anakwenda kilimani, anachuma mmea wenye maua au matunda, na mizizi ikiwezekana. Anaulaza kati ya kurasa za gazeti, anaubana kwa mbao, anaukausha. Kabla haujanyauka anaandika rangi ya ua, maana ikikauka inapotea. Anaandika tarehe, mahali, mwinuko, aina ya udongo. Kisha unabandikwa kwenye karatasi ngumu na kuwekwa hebariamu, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Huko unalinganishwa na mingine chini ya lenzi, nywele za jani kwa nywele za jani, hadi ijulikane kama ni aina inayojulikana au mpya. Paul Duvigneaud, Mbelgiji, aliifanya kazi hiyo kwenye vilima vyetu tangu miaka ya 1950, na François Malaisse akaiendeleza akifundisha hapa Lubumbashi kwa miaka mingi.

Faida yake? Chukueni Acalypha dikuluwensis. Duvigneaud na mwenzake Dewit waliupa jina kutokana na kilima cha Dikuluwe, upande wa Kolwezi. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1959. Mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, liliutangaza kuwa umetoweka, na chanzo kilichotajwa ni uchimbaji wa shaba. Tunajua kwamba tumeupoteza kwa sababu tu kuna mtu aliyewahi kuuchuma na kuueleza. Vilima vingapi vimesawazishwa bila mtu kupita kwanza na gazeti na penseli? Swali hili linaniumiza, na ningependa liwaumize pia wenye kutoa vibali.

Tuache shaba kidogo, twende kwenye mbao. Wote tunakumbuka malori ya mukula yaliyokuwa yakishuka kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mukula ni Pterocarpus tinctorius, mkurungu kwa Watanzania, na mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliuweka kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Mwaka 2022 orodha ikapanuliwa ikachukua aina zote za Pterocarpus za Afrika, pamoja na mulombwa wetu, ambao ni mninga. Sababu moja kubwa ni kwamba mti ukishapasuliwa mbao, ofisa wa forodha hawezi kujua ni upi. Mlinzi wa msitu bila mtu wa kumtambulia mti anabaki kumwamini dereva.

Sitawadanganya wazazi kwamba kazi hii inatajirisha. Inahitaji subira, na mara nyingi hailipi vizuri. Lakini nchi hii ina watu walioipa maisha yao. Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea wa Hifadhi ya Okapi huko Ituri, alibaki Epulu, yalipo makao ya hifadhi hiyo, wakati wa vita wengine walipokimbia. Alificha vifaa, takwimu na mkusanyo wa mimea, naye mwenyewe akajificha msituni kwa miezi kadhaa. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira. Wanafunzi wangu wanataja majina ya wachezaji wote wa Mazembe; nataka na hilo walijue.

Kinachonikera ni kwamba anayetaka kuijua mimea ya Katanga kwa kina bado analazimika kutazama Ubelgiji, kwenye bustani ya mimea ya Meise yenye vielelezo vya mimea iliyokaushwa karibu milioni nne. Vingi vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na nashukuru. Lakini nywele za jani huwezi kuzihesabu vizuri kwenye simu, hasa umeme ukikatika.

Basi ombi langu ni hili. Kampuni inayotaka kuchimba kilima inafanya uchunguzi wa athari kwa mazingira, sheria inaidai. Kazi ya mimea kwenye uchunguzi huo wapewe vijana waliosomea hapa, kwa mshahara unaoeleweka, na wapande kilima mwezi wa pili au wa tatu, maua yakiwepo, si kiangazi nyasi zikiwa zimeungua. Kila mmea uchumwe nakala tatu: moja ibaki Chuo Kikuu cha Lubumbashi, moja iende hebariamu ya Yangambi, moja Meise. Tingatinga lisubiri hadi karatasi ya mwisho iandikwe.