Tuwafundishe wanafunzi wa biashara kuishuku lahajedwali

Kila mtaala wa chuo cha biashara unapopitiwa upya, mvutano huu huibuka. Kuna wanaotaka somo la lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, liwe la lazima, tena la muhula mzima, kwa sababu mhitimu asiyejua kutumia Excel huanza kazi akiwa nyuma ya wenzake. Na kuna wanaosema chuo si mahali pa kufundishia programu: vitufe mtu atavijua kazini ndani ya wiki chache, kwa hiyo saa za darasani zibaki kwa uchumi, takwimu na uhasibu. Kila upande una hoja ya kweli. Kinachonisumbua ni kwamba wote wanazungumzia vitufe, hawa wakivitaka na wale wakivikataa, ilhali kazi ngumu ni kuamua na kujua uamuzi wako umesimama juu ya nini.

Wanaolitetea somo wana historia upande wao. Chombo hiki kilizaliwa katika mafunzo ya biashara. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa akisoma shahada ya uzamili ya biashara Harvard. Wakati huo hesabu za mfano ziliandikwa ubaoni kwa safu, na namba moja ikibadilishwa ililazimu kufuta na kukokotoa upya kila iliyoitegemea. Bricklin akawaza ubao unaojirekebisha wenyewe. Yeye na Bob Frankston wakaijenga VisiCalc, ikaanza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Lotus 1-2-3 ilikuja 1983, Excel ikafuata 1985 kwenye Macintosh. Mambo mengi yameongezwa tangu hapo, lakini wazo la msingi ni lile lile: badilisha namba moja, uone nyingine zinavyoifuata.

Nguvu ya wazo hilo inaonekana hata kwenye mfano mdogo. Tuseme biashara ina gharama zisizobadilika za 12,000 kwa mwezi. Inauza bidhaa moja kwa 20, na kila bidhaa inaigharimu 12. Inabaki 8 kwa kila mauzo, hivyo lazima ziuzwe bidhaa 1,500 ili isipate faida wala hasara. Sasa mhadhiri anauliza: jambo gani likiharibika kwa asilimia 10 litatuumiza zaidi? Gharama zisizobadilika zikipanda hadi 13,200, inabidi ziuzwe bidhaa 1,650. Gharama ya kila bidhaa ikipanda hadi 13.2, kiwango kinafika 1,765. Bei ikishuka hadi 18, kinaruka hadi 2,000. Asilimia ni ile ile, lakini madhara hayakaribiani hata kidogo. Mwanafunzi aliyelijenga jedwali hilo mwenyewe na kuichezea bei kwa mkono wake ameona kwa nini punguzo la bei linalotolewa kirahisi linaweza kuangamiza biashara, na ameliona kwa namna ambayo mhadhara mtupu hauwezi kumpa.

Kuna pia maswali ambayo bila chombo hiki hayafundishiki vizuri. Kugawa saa za mashine au malighafi kati ya bidhaa kadhaa ili faida iwe kubwa kuliko zote ni tatizo ambalo mwanahisabati George Dantzig alilipatia mbinu ya utatuzi mwaka 1947. Kwa grafu ya mkono darasa linaishia kwenye bidhaa mbili. Kwa Solver, zana ya kutafuta jibu bora iliyomo ndani ya Excel, hata toleo la kawaida linakubali vigezo vya uamuzi 200, yaani namba 200 za kuamua, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kushughulikia tatizo linalofanana na la kiwanda halisi.

Lakini hebu turudi kwenye mfano wa bei, kwa sababu humo humo ndimo hatari ilimojificha. Lahajedwali ilikubali bei ishuke kutoka 20 hadi 18 bila kuuliza wateja watafanya nini. Huenda mauzo yangeongezeka mara mbili. Huenda mshindani naye angeshusha bei, wote wawili wakabaki pale pale, ila maskini zaidi. Uhusiano ambao mjenzi hakuuandika haumo ndani ya jedwali, na jedwali halitamwambia kwamba haumo. Hapa wapinzani wana haki kabisa: mwanafunzi asiyejua uchumi atapata majibu safi kwa swali lisilo kamili. Na jibu lenyewe likionyeshwa kama 1,764.7 linaonekana limepimwa, kumbe limetokana na makisio ambayo mtu aliyaandika kwa kubahatisha.

Halafu kuna makosa ya kawaida, na haya ni mengi. Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii amelichunguza suala hili kwa miaka mingi, na ujumbe wake ni kwamba lahajedwali zenye makosa ndizo za kawaida. Safi ni chache. Hesabu nyepesi inaonyesha sababu. Ukiwa mwangalifu kiasi kwamba unakosea fomula moja tu katika 100, ukaandika fomula 100, uwezekano wa zote kuwa sahihi ni kama asilimia 37. Uangalifu wa mtu mmoja hautoshi. Lazima kuwe na ukaguzi.

Mifano mikubwa inajulikana. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya korona vilichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu data ilipitishwa katika faili za muundo wa zamani wa Excel, ambao hauzidi safu mlalo 65,536. Benki ya JPMorgan, katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 iliyotokea London, ilieleza kwamba lahajedwali za kupima hatari zilikuwa zikijazwa kwa kunakili na kubandika, na kwamba fomula mojawapo iligawa kwa jumla badala ya wastani. Hao hawakuwa wanafunzi.

Je, hayo yanathibitisha kwamba chombo kisifundishwe? Mimi nasoma ushahidi huo kinyume. Hoja ya kwamba mtu atajifunza kazini ni sahihi kwa vitufe tu. Kwa tabia ya kushuku, kazini ni mahali pabaya pa kuanzia. Huko mgeni hukabidhiwa faili aliyoiacha mtangulizi wake, haina maelezo, muda wa ripoti umekaribia, na bosi anataka namba moja tu. Nani atauliza namba iliyo kwenye seli (kisanduku) ya katikati imetoka wapi? Chuoni ndiko kuna nafasi ya kuuliza, na kosa likigunduliwa hakuna mshahara wala mkopo unaoguswa.

Shida ni kwamba masomo mengi ya lahajedwali hayafanyi hivyo. Yanafundisha kupaka rangi seli, kupanga orodha, kuchora chati, kukariri majina ya fomula, kisha mtihani unapima kama mwanafunzi anakumbuka mahali pa kubofya. Angalia fomula ya NPV, inayotafuta thamani halisi ya sasa ya mradi. Mradi unahitaji 1,000 leo, nao utarudisha 500 mwishoni mwa kila mwaka kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 10. Jibu sahihi ni takriban 243. Mwanafunzi akizichagua namba zote nne pamoja, ile 1,000 ikiwemo, Excel itampa takriban 221, kwa sababu fomula hiyo huchukulia kwamba hata fedha ya kwanza inatoka mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Hakuna onyo lolote. Alama ya jumlisha bado ipo, mradi bado unaonekana mzuri, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Aliyefanya hesabu hiyo mara moja kwa kalamu na karatasi ataiona tofauti. Aliyefundishwa kitufe hawezi.

VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha na kuleta taarifa yake, nayo ina mtego wake. Sehemu ya mwisho ya fomula ikiachwa, programu hutafuta kinachokaribiana badala ya kinacholingana, na kwenye orodha isiyopangwa inaweza kuleta bei ya bidhaa nyingine kabisa. Namba zilizohifadhiwa kama maandishi huachwa kimya kimya na SUM, fomula ya kujumlisha. Mambo haya yangepaswa kuwa moyo wa somo, lakini mara nyingi hutajwa mwishoni kama tahadhari.

Mfano wa kazi ya darasani ninaouthamini kuliko yote ulitokea Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst. Wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walikuwa wamechapisha mwaka 2010 makala iliyodai kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu, alijaribu kurudia matokeo hayo kama kazi ya somo, hayakutoka. Akaomba faili kwa waandishi wenyewe, wakampa. Fomula ya wastani ilikuwa imekatika kabla ya mwisho wa orodha, na nchi tano zikaachwa nje. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walichapisha matokeo mapya: wastani wao ulikuwa asilimia 2.2.

Kinachosahaulika katika kisa hicho ni kwamba fomula iliyokatika ilichangia sehemu ndogo tu ya tofauti. Sehemu kubwa ilitokana na miaka ipi iingizwe na kila nchi ipewe uzito gani, yaani maamuzi ya kibinadamu yaliyofanywa kabla ya fomula yoyote kuandikwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba somo la kiufundi lililofundishwa vizuri litatosha. Lahajedwali isiyo na kosa hata moja la fomula bado inaweza kumpeleka mtu pabaya.

Kwa hiyo ningependa vitufe vipewe wiki chache za mwanzo, kisha chombo kihamie ndani ya masomo yenyewe: fedha, uhasibu, masoko, uendeshaji. Makisio yawekwe mahali pamoja yanapoonekana, na kila moja liwe na sababu yake pembeni. Najua gharama ya pendekezo hili. Somo linalojitegemea lina mhadhiri mmoja anayewajibika. Likitawanywa, kila mhadhiri atadhani mwenzake ameshalifundisha, na matokeo yake mwanafunzi hulikosa kote. Idara zikishindwa kukubaliana kwa maandishi nani anafundisha nini, basi afadhali somo moja lenye mipaka kuliko mpango mzuri usio na mwenyewe.

Wengine watasema lugha za programu kama Python au R ni bora, kwa kuwa hatua zote huonekana na zinaweza kurudiwa. Kwa data nyingi nakubali. Lakini mpango wa mauzo wa mwaka ujao utajadiliwa na meneja, mhasibu na mtu wa ghala mezani pamoja, na jedwali ndilo wote watatu wanaweza kulisoma. Akili mnemba inayoandika fomula kwa kuombwa nayo haibadilishi msimamo wangu. Inaongeza idadi ya fomula ambazo hakuna aliyezifikiria, na hivyo inazidisha haja ya mkaguzi.

Pingamizi zito zaidi ni la usahihishaji. Darasa la wanafunzi mia kadhaa haliwezi kusahihishwa kwa kufungua seli moja moja. Hilo linatatulika mtihani ukigeuzwa: mwanafunzi apewe faili iliyokwisha kujengwa, yenye makosa machache yaliyopandwa kwa makusudi, na pendekezo la biashara linaloitegemea. Jibu lake liwe ukurasa mmoja: kosa liko wapi, linabadilisha namba kwa kiasi gani, na je, uamuzi unageuka au unabaki vile vile? Alama kubwa ziende kwenye swali hilo la mwisho. Na akitokea mwanafunzi aliyegundua kosa ambalo mhadhiri hakulipanda, apewe alama za ziada, kisha faili irekebishwe kabla ya kutumika tena.