Herufi ya 21 kwenye pasipoti

Aliyenichokoza hadi nikaandika haya ni mzee mmoja wa Area C hapa Dodoma, afisa uhamiaji mstaafu, ambaye nikimpa shikamoo huniitikia kwa jina la marehemu baba yangu. Tulikuwa tunazungumzia habari za Marekani. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuitaka serikali yake itambue jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike, kama mtu alivyozaliwa. Pasipoti zenye herufi X, yaani ya asiyeandikwa mwanamume (M) wala mwanamke (F), zilizokuwa zikitolewa kwa kila aliyeiomba tangu Aprili 2022, zikasimamishwa, na mtu aliyebadili jinsia hakuweza tena kubadilishiwa M kuwa F au F kuwa M. Mahakama ya chini ikaizuia hatua hiyo. Novemba 6, 2025 Mahakama ya Juu ikaruhusu iendelee kutumika huku kesi ikisubiri kumalizika.

"Safi kabisa," mzee akasema. "Pasipoti haibembelezi mtu, mwanangu. Pasipoti inasema ukweli."

Nimekata tiketi za ndege mjini hapa kwa miaka 11, kwa hiyo neno la mtu wa uhamiaji silichukulii juu juu. Hoja yake naiweka kama alivyoiweka yeye. Afisa aliyeko kaunta ana dakika mbili tatu kwa kila abiria. Zamani mdanganyifu alibandua picha kwa wembe akabandika yake. Siku hizi pasipoti ina chipu na kuighushi ni kazi kubwa, basi njia rahisi ni kuazima pasipoti halali ya mtu mnayefanana: ndugu kwa ndugu, binamu kwa binamu. Kazi ya afisa ni kushtuka kinapoonekana kitu kisichokaa sawa, na mwanamke aliyeshika pasipoti ya mwanamume ni kitu kisichokaa sawa. Shirika la ndege nalo lina hofu yake, maana likimpakia abiria akakataliwa aendako, kumrudisha ni juu yake, na nchi nyingi huongeza faini. Halafu kuna askari wa kike wa ukaguzi anayeambiwa ampekue abiria ambaye hati yake inasema mwanamume. Naye ana dini yake, ana nyumba yake, ana haya yake. "Hao hamuwaandikii," mzee alisema, na hapo alinibana, kwa sababu ni kweli.

Lakini neno "ukweli" ndilo lililonikaa kooni.

Safu ya jinsi haikuzaliwa na pasipoti. Pasipoti za kale zilieleza rangi ya macho, nywele, umbo la uso na alama za mwilini. Safu ya jinsi ilienea duniani katika miaka ya 1970, pale wataalamu waliokutana chini ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, walipokuwa wakipanga pasipoti inayosomeka kwa mashine. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba vijana wa kiume walikuwa wamefuga nywele na wa kike wamevaa suruali, hata picha ikawa haitoshi kumwambia afisa huyu ni nani. Marekani iliiweka kwenye pasipoti zake katikati ya miaka hiyo. Kwa maneno mengine, safu hii iliwekwa kwa sababu walishaona kwamba sura na mavazi havitabiriki. Leo sura na mavazi hayo hayo ndiyo yanayoitwa kuwa shahidi dhidi ya safu, na abiria ndiye anayesimama kizimbani.

Fungua pasipoti yako ukurasa wa picha. Chini kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na alama kama mishale, kila mmoja una nafasi 44. Mstari wa pili huanza na namba ya pasipoti, kisha tarakimu moja ya kuhakiki namba hiyo, kisha uraia (wetu ni TZA), kisha tarehe ya kuzaliwa na tarakimu yake ya kuhakiki. Nafasi ya 21 ndipo inapokaa M au F, au mshale kwa mwenye X. Baada yake hufuata tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo ina tarakimu yake. Mwisho kabisa, nafasi ya 44, ipo tarakimu ya jumla inayohakiki kwa pamoja namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho na namba binafsi. Ikifika kwenye herufi ya 21, hesabu hiyo inairuka. Hakuna tarakimu yoyote kwenye mstari ule inayoilinda herufi ya jinsi.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa miezi, na sitaki kulibebesha zaidi ya uzito wake. Mzee alinikumbusha kwamba hesabu hiyo inauruka uraia pia, na majina ya mstari wa juu vilevile. Kwamba tarakimu hizi hukamata makosa ya usomaji tu. Na kwamba ndani ya chipu saini ya kielektroniki inalinda kila kitu, herufi ya 21 ikiwemo. Nakubali yote. Hata hivyo angalia mashine inamtafuta mtu kwa kutumia vitu gani: namba, tarehe mbili, na kutoka kwenye chipu, uso wake. Nchi nyingi huongeza alama za vidole. Vitu hivyo vinajibu swali la "ndiye huyu?" Herufi ya 21 hailijibu, kwa sababu inagawa dunia nzima mafungu mawili na kumwacha afisa na nusu ya wanadamu mkononi. Mwenye kuazima pasipoti ya binamu yake huchagua ya binamu wa jinsi yake, na hiyo herufi humpitisha bila shida. Anayekamatwa nayo ni yule ambaye hajaazima chochote.

Na picha? Pasipoti yetu ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 31, 2018, hudumu miaka 10. Miaka 10 ni mingi kwa uso wa mtu. Msichana aliyepiga picha akiwa na miaka 20 huitumia mpaka 30, baada ya watoto wawili na kilo 15. Mzee wa miaka 60 huitumia mpaka 70. Tunakubali kwamba sura itasafiri mbali na picha, na tumewafundisha maofisa kutazama umbali kati ya macho, mfupa wa shavu, sikio. Hatujawahi kumwambia mtu mnene aliyekonda kwamba pasipoti yake inasema uongo.

Mwaka 2019 shangazi yangu wa Kondoa alisafiri kwenda India kwa matibabu ya saratani ya titi, safari yake ya pili. Dawa zilikuwa zimeondoa nywele zote na nyusi, amekonda, amevaa suruali ya marehemu mume wake na koti kwa sababu alisikia baridi muda wote. Tiketi nilimkatia mimi. Kaunta, kijana mmoja alitazama pasipoti, akamtazama yeye, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mbona hapa imeandikwa mwanamke?" Foleni nzima ikanyamaza. Shangazi hakujibu neno. Alifungua vifungo viwili vya shati akamwonyesha kovu. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amechoka kusimama, na akaona hiyo ndiyo njia ya haraka.

Kijana yule hakuwa mbaya. Aliomba radhi, akambebea begi. Alichokosa ni swali sahihi, na hakuna aliyewahi kumfundisha.

Shangazi lilimpata mara moja. Sasa mchukue mtu aliyebadili jinsia, ambaye sheria ya kwao haimruhusu kubadili herufi, au imemruhusu kisha ikamgeukia kama ilivyotokea Marekani. Nimehesabu kwa safari ya kawaida ya mtu wa Dodoma anayekwenda Nairobi. Ataonyesha kitambulisho au pasipoti mlango wa uwanja wa Dodoma, kaunta ya tiketi, na mlango wa ndege. Dar es Salaam, Jengo la Tatu: mlangoni, kaunta, uhamiaji, na mlango wa ndege. Nairobi: uhamiaji. Mara nane, na bado hajarudi. Kila mara ni mtu mwingine ambaye hajui kwamba mwenzake ameshauliza, na kila mara kuna foleni nyuma. Uwanja wetu ni mdogo, ndege moja ina wabunge, makatibu, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma na jirani yako wa mtaa wa Kisasa. Kinachosemwa kaunta kinafika nyumbani kabla ya ndege kutua.

Hapo ndipo madhara yanapokuwa makubwa kuliko kucheleweshwa tu. Ukimuuliza mtu swali hilo hadharani umewatangazia watu wasiomjua siri ambayo pengine hata mama yake hajaijua, na hapa kwetu siri hiyo inaweza kumgharimu chumba cha kupanga, kazi, au meno ya mbele. Mzee alisema kwamba mtu mwenye siri ya namna hiyo asisafiri. Nilimjibu kwamba ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kwenda kokote nchini, kutoka nje na kuingia, na ibara ya 12(2) inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Sikuona pale pameandikwa isipokuwa nani.

Simaanishi kwamba Tanzania ibadili herufi kesho. Sheria yetu ya usajili wa vizazi haina utaratibu huo, na wengi wa wasomaji wangu hawautaki. Huo ni mjadala wa Bunge, uende kwa mwendo wake. Jirani zetu wameuendea kila mmoja kwa njia yake. Afrika Kusini ina sheria ya kubadilisha jinsi tangu 2003. Nchini Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru cheti cha mtihani cha Audrey Mbugua kitolewe upya kwa jina lake jipya bila alama ya jinsi. Botswana, 2017, Mahakama Kuu ilisema kumkatalia raia kubadilishiwa jinsi kwenye kitambulisho ni kuvunja haki zake. Watu wa nchi hizo wanasafiri. Uwanja wa ndege wa Msalato, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, unajengwa ili Dodoma ipokee dunia moja kwa moja. Watashuka hapa wageni wa kila nchi, wengine na X zao, ambazo kanuni za ICAO zinazikubali, na watashuka wengine wenye ndevu na herufi F.

Kwa hiyo swali ni la kaunta, na linatatulika bila kugusa sheria. Mtu wa tiketi aandike jina na jinsi kama zilivyo kwenye pasipoti, asibuni. Nimewaambia abiria wangu hivyo miaka yote, hata ikiwauma, kwa sababu tofauti ya tiketi na pasipoti ndiyo inayowakwamisha kwanza. Afisa akishtuka ana haki ya kuhakiki, na simnyimi haki hiyo: chipu, vidole, saini, afisa wa pili, chumba cha pembeni. Upekuzi wa mwili ufanyike faraghani, abiria aulizwe angependa apekuliwe na nani, na askari asiyeridhia asilazimishwe, aitwe mwingine. Viwanja vya Marekani vilikuwa na mashine ya ukaguzi ambayo mhudumu alibonyeza kitufe cha mwanamume au cha mwanamke kwa kumtazama tu abiria. Akikosea, mashine ililia kifuani au nyongani na mtu akavutwa pembeni. Kuanzia 2023 programu mpya isiyohitaji kitufe ikaanza kuwekwa. Hata Canada, iliyotunga mwaka 2011 kanuni ya kumkataza abiria asiyeonekana kuwa wa jinsi iliyoandikwa, baadaye iliifuta.

Lugha pia iko upande wetu kuliko watu wanavyodhani. Fomu za mashirika ya ndege zinamlazimisha abiria achague Mr au Mrs kabla hata ya kuuliza anakwenda wapi. Kiswahili hakina haja hiyo. "Amefika," "anasubiri," "mzigo wake," "ndugu abiria": afisa anaweza kumhudumia mtu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti bila kutamka jinsi hata mara moja. Na wale wanaosema haya mambo ni mageni kabisa, neno huntha, yaani aliyezaliwa na viungo vya jinsi zote mbili, limo kwenye lugha yetu tangu zamani, na masheikh wamelijadili kwenye mirathi. Huntha na aliyebadili jinsia ni watu tofauti, najua. Kaunta wanaulizwa swali lile lile.

Nilipomaliza kusema yote haya mzee alinyamaza muda. Kisha akanisimulia kisa cha miaka ya 1990, mpaka mmoja wa nchi kavu ambako alikuwa kijana kazini. Alikuja mtu amevaa gauni na kilemba, pasipoti inasema mwanamume. Wenzake walianza kucheka. Yeye alimpeleka ofisi ya ndani, akampa karatasi na kalamu, akamwambia aweke saini. Aliilinganisha na ya kwenye kitabu, akamuuliza tarehe na mahali pa kuzaliwa, akagonga muhuri.

"Kwa nini hukumzuia?" nikamuuliza.

"Nimzuie nini? Alikuwa ndiye."