Sandwichi ya nyama ya kuoka: hapa Wamarekani nimewapa

Watu wa kwetu Mombasa wakifika Marekani, lalamiko la kwanza ni baridi, la pili ni nyama. Eti haina ladha. Mimi nawaunga mkono nusu tu. Ng'ombe wetu wa Tana River na Garissa ametembea, amekula majani, amekomaa. Mchuzi wake hauna mfano. Wa huku humalizia maisha yake zizini akilishwa mahindi, na wengi huchinjwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa supu na pilau, ushindi ni wetu. Ila kwa nyama iliyookwa ikakatwa nyembamba na kulazwa kwenye mkate pamoja na jibini, wametushinda, na sababu si ng'ombe. Ni friji.

Kwetu nyama nzuri ni iliyochinjwa alfajiri na kununuliwa asubuhi. Mletee mama nyama ya juzi uone atakavyokuuliza kama mabucha yote yamefungwa. Huku huwekwa kwenye baridi siku kadhaa, pengine wiki mbili na zaidi, kabla ya kufika dukani, na muda huo vimeng'enya vyake vyenyewe huilegeza. Wauza mishkaki wetu wana njia yao, papai bichi. Lakini papai halifai kwa pande zima: huiacha nje rojorojo, ndani ngumu vilevile.

Kaskazini mwa Boston sandwichi hii ni kama dini. Pale ufukweni Revere, Kelly's wanaiuza tangu 1951, na kila mji una duka linalojiona bora: nyama yenye wekundu, sosi ya babakyu, mayonezi, jibini. Ionje, kisha rudi ukatengeneze yako. Nyama iliyokatwa tayari dukani mara nyingi hudungwa maji ya chumvi, nawe unayalipia maji hayo kwa bei ya nyama.

Mimi huoka Jumapili, kwa sababu ya zamu za usiku. Chukua paja lisilo na mfupa, kilo moja na nusu hivi. Lipake chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, lilale kwenye friji bila kufunikwa. Kesho yake lioke kwa moto mdogo, nyuzijoto 120 za Selsiasi, ukipima katikati kwa kipimajoto. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri 63, kisha ipumzike dakika 3. Mimi huitoa ikifika 60, maana hupanda yenyewe ikipumzika. Na usiikate ikiwa moto! Ipoe, ilale tena kwenye friji, ndipo uikate nyembamba kabisa, kinyume na mkondo wa nyama. Wakati wa kula, ichovye kidogo kwenye mchuzi wake uliopashwa moto, weka jibini juu, rudisha kwenye oveni hadi iyeyuke. Cheda hunitosha.

Nilipomwonyesha mama kwa simu aliona wekundu tu. "Mwanangu, unakula damu?" Si damu, mama. Damu yenyewe ilimwagika machinjioni. Wekundu huo ni myoglobini, protini iliyo ndani ya msuli. Na Suratul An'am, aya ya 145, imeharamisha damu inayomiminika. Alinyamaza, ila sidhani kama alikubali.

Je, Mombasa inawezekana? Inawezekana, ukipata bucha atakayekukatia paja zima badala ya kukuchanganyia na mifupa, na friji isiyozimwa na umeme wa kukatika, kwa siku tatu au nne. Oveni si lazima. Wanaopalia makaa juu na chini kuoka mkate wa sinia wana oveni tayari. Wapunguze moto tu. Mkate wa boflo, kwa maoni yangu, unaushinda mkate laini wa huku, ambao ukiloa mchuzi umekwisha. Jibini ndiyo itakayokuuma mfukoni.

Jambo moja siwafuati Wamarekani: mayonezi. Nyama yenye mafuta, jibini ya mafuta, halafu mafuta tena? Mimi huweka vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi na achari ya ndimu. Ya madukani huku haina ukali wa ile ya nyumbani, kwa hiyo anayekuja huku kwangu Lowell, karibu na Boston, mwaka huu anibebee chupa, aifunge vizuri isimwagikie nguo.