Waya gani utulize injini ya mashua Amu?

Ukivuka kutoka Mokowe hadi Amu (Lamu) kwa mashua ya dizeli, mtetemo unaupata kwenye meno. Abiria hushuka akasahau, lakini chombo hakisahau: nati hulegea, mabomba ya mafuta hupasuka, kalafati, yaani pamba ya kuzibia, hutoka katikati ya mbao. Mipira inayowekwa chini ya injini husaidia, ila mafuta huilainisha na joto huikausha. Ndiyo maana hoja ya kukalisha injini juu ya waya badala ya mipira, ili waya umeze mtetemo, inastahili kusikilizwa.

Wako wanaosifu waya wa nikeli na titani, metali mbili zilizochanganywa, na sifa zenyewe ni za kweli. Unavutika asilimia 6 hata 8 kisha ukarudi ulivyokuwa, wakati chuma cha kawaida hupinda moja kwa moja kabla ya kufika asilimia 1. Ukivutwa, chembe zake hujipanga upya. Ukiachiwa, hurudi kwa nguvu ndogo kuliko iliyouvuta. Tofauti hiyo ndiyo mtetemo uliomezwa ukawa joto. Tena chumvi haiuli upesi. Italia waliutumia kukarabati kanisa la Mtakatifu Fransisko, Assisi, baada ya tetemeko la 1997.

Lakini tetemeko ni mivuto mikubwa ya sekunde chache. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutikisa kiti chake si chini ya mara 90,000 kwa saa, na kila mtikiso ni mdogo. Kwa mvuto mdogo waya huu haufikii pale chembe zinapojipanga, basi humeza kidogo sana. Ukiukaza mpaka ufike, huchoka ukakatika. Isitoshe, ugumu wake hubadilika na joto, na chumba cha injini ni tanuri.

Kamba ya waya, yaani nyuzi nyingi za chuma kisichoshika kutu zilizosokotwa pamoja, ina siri nyingine. Chuma chenyewe hakimezi karibu chochote; ndiyo sababu waya wa chuma wa gitaa huendelea kulia baada ya kidole kuondoka. Kinachozima mtetemo ni nyuzi za kamba kusuguana. Hapo hapo pana ubaya wake: msuguano hula nyuzi, na maji ya chumvi yakituama katikati, pasipo hewa, hata chuma hicho huliwa. Ukiipaka grisi kuikinga, unapunguza msuguano uliokuwa unautaka.

Kwa kukinga minara yetu ya mawe ya matumbawe na tetemeko ningetetea nikeli na titani, ghali ilivyo. Kwa mashua, nachagua kamba ya waya: ioshwe kwa maji matamu kila wiki, na uzi wa kwanza ukikatika, ibadilishwe yote.